Usipakie sura ya mtu kabla hajatia saini

Ndugu uliyeuliza, simama hapo hapo. Umeandika kwamba una maelfu ya picha za watu ulizopiga kwenye sherehe na mitaani, unataka kujua soko lipi la picha mtandaoni linalipa vizuri na ununue kamera gani, kisha katikati ukagusia kwamba fomu za ridhaa, zile ambazo mtu hukubali kwa saini picha yake iuzwe, utazijaza na kuzitia saini mwenyewe ili kazi iende haraka. Ni hilo la fomu lililonikosesha usingizi, kwa maana nami nilifundishwa hivyo hivyo, tena darasani nilikolipa ada.

Anayenunua leseni ya kibiashara anataka kuiweka picha kwenye tangazo au kwenye boksi la bidhaa. Anacholipia ni picha pamoja na uhakika kwamba mwenye sura hatajitokeza kesho kumshtaki, na uhakika huo umo ndani ya fomu: jina la aliyepigwa picha, tarehe yake ya kuzaliwa, tarehe ya kupigwa picha, saini yake, saini yako na, katika fomu nyingi, saini ya shahidi ambaye si yeye wala wewe. Mtoto hutiliwa saini na mzazi au mlezi. Wakionekana watu watano wanaotambulika, zinahitajika fomu tano, na mtu hutambulika hata kwa chale au kovu, si kwa uso peke yake.

Mwalimu wetu alituhakikishia kwamba wakaguzi wa soko la picha hawana muda wa kumtafuta kila mtu aliyetajwa kwenye fomu. Alichotuficha ni kwamba katika mkataba unaoukubali unapojisajili, wewe ndiwe unayethibitisha kuwa fomu ni halali, na dai likija ndiwe unayeulizwa. Picha yangu iliyokuwa ikiuza kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja aliyeegemea mlango akicheka, mkono mmoja ukizuia kitambaa kisianguke kichwani. Binti yake alinitumia picha ya bango la dawa ya maradhi ambayo mama hakuwa nayo, sura yake imejaa bango zima, na ndugu walikuwa wakimpigia simu kumpa pole. Saini kwenye fomu haikuwa ya mama yule. Soko lilifunga akaunti yangu, likaondoa kila picha, zikiwemo za milima na mawingu zisizokuwa na mtu hata mmoja, na likazuia mrabaha, yaani fungu langu la mauzo, ambao ulikuwa bado haujalipwa. Nilipomwandikia mwalimu, alinishauri nifungue akaunti nyingine kwa jina la ndugu yangu. Huyo bado anauza mafunzo yake, na bado nina hasira naye, kwa sababu mama yule hakupata senti moja, alichovuna ni aibu.

Tena usidhani akaunti ni kitu cha kufungua upya kesho. Tangu Juni 2020, Shutterstock, moja ya masoko hayo ya picha, humlipa mpiga picha kati ya asilimia 15 na 40 ya kinachopokelewa kwa mauzo kulingana na ngazi aliyofikia, na ngazi hizo hurudi mwanzo kila Januari mosi. Adobe Stock, soko jingine, hutoa asilimia 33 kwa picha na 35 kwa video. Kwa kuwa wanunuzi wengi hutumia vifurushi vya mwezi, mauzo mengi huingia kama senti, na kipato hujengwa na picha nyingi zinazokaa sokoni kwa miaka. Akaunti ikifungwa, miaka hiyo yote huondoka nayo.

Kuna watakaokwambia uziweke kama picha za kihariri, yaani za kuambatana na habari na makala, ambazo kwa kawaida hazidai fomu. Ni kweli hazidai, lakini haziruhusiwi kwenye matangazo, hudai maelezo ya mahali na tarehe, hazibadilishwi kilichomo ndani yake, na zinatakiwa zionyeshe jambo lenye maana kwa umma. Harusi ya watu binafsi haimo humo, na kuipitisha kwa mlango huo ni udanganyifu ule ule.

Kwa hiyo zipange picha zako upya leo. Wale unaoweza kuwafikia, wafuate na fomu, waeleze waziwazi kwamba sura zao zinaweza kuonekana kwenye tangazo la kampuni wasiyoijua, na anayekataa umwache. Wale usiowajua walipo, picha zao zibaki kwako. Kuanzia sasa fomu itiwe saini siku ile ile ya kupiga picha, hata kwenye programu ya simu. Iskani, uipe namba ile ile ya faili la picha, na uhifadhi nakala mahali pawili. Ukikwama kwenye kipengele chochote cha fomu, kiandike hapa chini nami nitakujibu.