Upepo wa Baiskeli Hupimwa Mzigo Ukiwa Juu

Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, baiskeli bado ni chombo cha kazi. Boda boda zilianzia mpakani hapa zikiwa baiskeli, na ingawa pikipiki zimechukua abiria karibu wote, mizigo mingi bado inakwenda kwa kanyagio: samaki kutoka Majanji, mkaa, jerikani za maji, magunia ya muhogo na mahindi, bidhaa za kuvuka kwenda Kenya. Mimi ni fundi wa baiskeli hizo, na yangu mwenyewe naipanda kila siku. Wenzangu, kuna jambo moja linaloniuma. Wengi wetu tunajaza upepo baiskeli ikiwa tupu, tunabonyeza tairi kwa kidole gumba, tunaridhika, kisha ndiyo tunapakia. Njiani tyubu ikipasuka tunasingizia miiba.

Kidole gumba hakifai kwa kazi hii. Tairi zetu za baiskeli nyeusi, zile za Roadmaster na Hero zilizoandikwa 28 x 1½, zina ubavu mgumu. Likiwa na upepo nusu tu, ukilibonyeza utadhani limejaa. Mzigo haudanganyiki hivyo.

Alinijia mama mmoja muuza samaki, tyubu ya nyuma imetoboka kwa mara nyingine. Nikaibandika, nikaanza kujaza, akanizuia kabla sijamaliza. "Fundi, inatosha, bonyeza mwenyewe uone." Nikamwomba kijana wake ashike usukani, tukarudisha beseni la samaki kwenye keria, yeye mwenyewe akakaa kwenye siti. Nikachuchumaa nyuma. Ubavu wa tairi ulikuwa umetanuka pande zote mbili, na kati ya rimu na ardhi palibaki nafasi ya kupitisha kidole tu. "Mama, shuka uangalie, kijana akae." Akashuka, akainama. "Kumbe linakaa hivi njia nzima?" Nikamwambia ndiyo, mama, njia nzima, na kila jiwe unalopanda linabana tyubu kati yake na rimu. Nilimwonyesha tyubu yenyewe: matundu mawili madogo yamekaa sambamba. Mwiba hutoboa tundu moja, tena mara nyingi kwenye mgongo wa tyubu. Ukiona mawili yamekaa pamoja hivyo, usitafute mwiba. Upepo ulikuwa mdogo.

Dalili nyingine iko kwenye valvu, na haihitaji kufungua kitu. Angalia shina lake linavyotoka kwenye rimu. Likisimama wima kuelekea ekseli, vizuri. Likiwa limeinama upande mmoja, ujue tairi limekuwa likiteleza juu ya rimu kwa kukosa upepo, na linaivuta tyubu pamoja nalo. Ukiliacha hivyo, valvu itang'oka mzizini, na tyubu iliyong'oka valvu haibandikiki. Toa upepo wote, zungusha tairi na tyubu mpaka shina linyooke, kisha ujaze upya.

Sasa kiasi gani? Soma ubavu wa tairi lenyewe. Kuna namba imechorwa kwenye mpira, kwa PSI, wakati mwingine na kwa bar au kPa pia, vyote vipimo vya msukumo wa upepo. Bar 1 ni PSI 14.5, na ni kPa 100. Ikiandikwa namba mbili, ya chini na ya juu, kaa kati yake. Ikiwa ni moja, ichukue kuwa ndiyo mwisho. Lakini namba hiyo haijui umebeba nini, na haijui tairi la mbele na la nyuma hazibebi sawa. Piga hesabu hii: baiskeli kilo 20, mpandaji kilo 65, jerikani mbili za lita 20 kwenye keria, kilo 40. Jumla kilo 125. Mpandaji na baiskeli uzito wao huenda nyuma kama asilimia 60, yaani kilo 51, na jerikani karibu zote zinakaa nyuma. Tairi la nyuma linabeba kilo 91, la mbele 34. Halafu mtu anajaza zote mbili sawa! La nyuma linasagika, la mbele linaruka-ruka kwenye changarawe na kukuchosha mikono. Mimi la nyuma hulipeleka karibu na namba ya juu ninapopakia, na la mbele huliacha chini zaidi ya namba hiyo.

Kama huna geji, yaani saa ya kupimia upepo, na wengi hatuna, tumia rula ya mtoto wa shule. Njia hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Simamisha baiskeli tupu mahali tambarare. Pima kutoka ukingo wa rimu kushuka mpaka ardhini, pale tairi linapogusa. Kwa tairi zetu utapata kama milimita 40. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, ukae juu, na mtu mwingine apime tena mahali pale pale. Tairi likijaa sawasawa linashuka kwa takriban asilimia 15 ya kimo chake, yaani milimita 6 hivi, kwa hiyo usome 34. Kipimo hicho cha asilimia 15 kilienezwa na Mmarekani Frank Berto, aliyefanya kazi kubwa ya kupima tairi za baiskeli. Ukisoma 30 au chini ya hapo, ongeza upepo. Usiposhuka kabisa, umezidisha. Ila ukifika namba ya juu iliyoandikwa ubavuni na tairi bado linalala, usiendelee kupiga pampu: mzigo ndio umezidi tairi hilo, na dawa ni kupunguza mzigo, au kushuka na kuisukuma baiskeli pale penye mawe.

Kwa nini nasisitiza rula hata kwa mwenye pampu ya geji? Kwa sababu ya valvu. Baiskeli nyeusi nyingi zina valvu ya aina ya zamani, yenye kijimpira chembamba kilichovishwa juu ya kichuma chenye tundu ubavuni. Upepo ukisukumwa unatoka kwenye tundu, unakipanua kijimpira, unaingia ndani. Ukiacha kusukuma, kijimpira kinabana na kuziba. Ni kifaa kizuri, rahisi, kinatengenezeka popote. Lakini geji ya pampu haioni kilicho ndani ya tyubu, inaona tu upepo ulio kwenye mpira wa pampu, pamoja na nguvu ya kukifungua kijimpira. Kwa hiyo inasoma juu kuliko ukweli. Ukiona mshale umefika 50, ndani huenda ni pungufu.

Kijimpira hicho ndicho pia mwizi wa upepo. Jua letu linakikausha, kinapasuka nyufa, au kinagandamana kabisa mpaka pampu inakuwa ngumu kama imeziba. Kabla hujaivua tyubu kutafuta pancha, weka mate juu ya valvu. Likitokea povu, tatizo liko hapo. Fungua nati, vuta kichuma, vua kijimpira cha zamani chote bila kuacha kipande, lowesha kipya kwa mate au maji, kivishe mpaka kivuke tundu na kufika kwenye kola. Kikiishia juu ya tundu, hakitaziba. Rudisha, kaza nati kwa vidole. Koleo huponda, usilitumie. Bei yake ni ndogo sana, nami huwaambia wateja wakae na vipande viwili mfukoni siku zote.

Anayetaka kutumia geji kwa uhakika abadilishe tyubu, aweke yenye valvu ya aina ya pikipiki. Tundu la rimu ni lile lile, milimita 8 hivi, huna haja ya kutoboa. Ile nyembamba ya baiskeli za mashindano usiilazimishe kwenye tundu hilo, itacheza-cheza na kukatwa na ukingo wa rimu.

Ukishaweka tyubu mpya, usikimbilie kujaza. Piga kidogo tu tyubu ipate umbo, sukuma shina la valvu juu ndani ya tairi kisha livute tena chini, ili tyubu isibanwe na ukingo wa tairi. Zungusha gurudumu polepole. Kila tairi lina mstari mwembamba uliochorwa karibu na rimu, na umbali wake na rimu lazima uwe sawa mzunguko mzima. Mahali unapozama au kupanda, tairi halijakaa. Toa upepo, likande kwa mikono, jaza tena. Sehemu hii wengi huiruka, na ndiyo inayopasua tyubu mpya kwa kishindo ukiwa umeacha baiskeli sokoni.

Watu hulaumu jua kwa kishindo hicho. Jua lina mchango, lakini si mkubwa kama inavyosemwa. Tairi lililojazwa PSI 50 alfajiri kwenye nyuzi 20, likichemka juani mpaka nyuzi 50, linapanda hadi kama 56 au 57. Tairi zima linahimili hilo. Lisilohimili ni lililokaa vibaya, au lenye ubavu uliochanika ukashonwa kwa uzi. Hilo la mwisho nakataa kulijaza mpaka mwisho, hata mwenyewe akisihi.

Kuhusu kompresa za vituo vya mafuta na za mafundi wa magari, nawaomba sana muwe waangalifu. Tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo ya upepo, na mashine iliyokusudiwa lori inaijaza kwa sekunde chache. Kama hamna budi, gusa na kuachia, gusa na kuachia, ukiangalia tairi kila mara, wala usimwachie mtoto. Pampu ya mkono ina faida hii kwamba mkono unahisi.

Na pampu yenyewe itunzwe. Piga mipigo mirefu, polepole, ukimaliza kila mmoja mpaka chini, kwa sababu upepo unaingia kwenye tairi mwishoni mwa mpigo. Mipigo mifupi ya haraka inapasha moto chuma tu. Kama mpini unashuka bila upinzani wowote na tairi halijai, usiitupe pampu. Fungua kifuniko cha juu, vuta fimbo, utakuta kikombe kidogo cha ngozi mwishoni. Kimekauka na kusinyaa, hakigusi tena kuta za pampu. Kiloweke kwenye mafuta ya mashine usiku kucha, kipanue kwa vidole mdomo wake uelekee chini, pake grisi kidogo, urudishe kwa kukizungusha ili kisikunjike kinapoingia.