Muulize Shangazi Nesi: Daktari wa kunyonya mafuta nitamjuaje?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36 na watoto watatu, wawili wa mwisho nimezaa kwa kisu. Tumbo limelegea, nikivaa gauni la kubana watu wananiuliza nina miezi mingapi. Nimeona kliniki Instagram, picha zao za kabla na baada zinavutia. Wana ofa hadi tarehe 30: natanguliza nusu kwa simu kushika nafasi, asubuhi nanyonywa mafuta, jioni niko nyumbani. Daktari sijamwona, anayenijibu WhatsApp ni dada wa mapokezi. Nitajuaje kama ni mzuri?*
*Mama Watatu, Tabata*

Marahaba mwanangu. Hela usitume kwanza.

Tuanze na hilo tumbo. Mrija unanyonya mafuta yaliyo chini ya ngozi, basi. Ngozi iliyovutwa na mimba tatu hauiondoi, na misuli iliyoachana katikati hauirudishi. Unaweza kunyonywa ukabaki na tumbo lile lile, limekunjamana zaidi. Daktari anayeijua kazi atakusimamisha bila nguo, abane ngozi kwa vidole viwili, kisha akulaze na kukuambia ukohoe huku mkono wake uko juu ya kovu. Hapo anatafuta ngiri. Kovu la kisu linaweza kuacha upenyo kwenye misuli, utumbo ukachungulia hadi chini ya ngozi, na mrija wa chuma ukipita hapo hauchagui. Mambo hayo hayapimwi kwa WhatsApp. Ambaye hajakugusa tumbo kabla ya siku ya kazi, mwache. Na akikwambia, "Mama, wewe ni wa kukatwa ngozi, kunyonya hakutakusaidia," usinune. Huyo amekataa hela yako ya haraka, na mimi huanza kumwamini mtu hapo.

Kisha uliza jina lake kamili, siyo "Dokta" na jina la Instagram. Lipeleke Baraza la Madaktari Tanganyika ujue kama amesajiliwa, leseni yake iko hai, na ubingwa wake ni wa nini. Siku hizi kila mtu bingwa. Unayemtaka ni bingwa wa upasuaji rekebishi, yaani wa kurekebisha maumbile ya mwili (plastic surgery). Kwa ukanda wetu chuo cha madaktari wa upasuaji, COSECSA, kinaitahini fani hiyo kama ubingwa unaojitegemea, na ni miaka ya kushinda wodini. Cheti cha semina ya siku tatu, hata kikiwekewa fremu ya dhahabu, ni mapambo ya ukuta.

Nimeshika vifaa chumba cha upasuaji miaka 27. Usiku mmoja tuliletewa dada kutoka kliniki fulani, siku ya pili baada ya kunyonywa. Homa kali, tumbo gumu kama ubao. Hakuja na karatasi hata moja: dawa gani alipewa, lita ngapi zilitoka, hatukujua. Simu ya daktari wake imezimwa. Tulimfungua saa nane usiku, na utumbo ulikuwa na tundu. Alipona, lakini alikaa kwetu wiki sita. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa daktari yeyote wa urembo ni hili: mambo yakiharibika usiku, nampigia nani, na hospitali gani itanipokea? Akijibu, "Kwangu haijawahi kutokea," chukua mkoba wako uondoke. Hakuna mpasuaji ambaye hajawahi kupata matatizo, labda yule aliyeanza jana.

Uliza pia nani atakuwa kichwani pako. Namaanisha daktari wa usingizi, ambaye kazi yake ni hiyo tu, siyo mpasuaji mwenyewe anayechungulia mashine kwa jicho moja. Kabla ya kunyonya wanakujaza maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini ili damu isitoke nyingi. Ganzi hiyo hupimwa kwa kilo zako, na huzidi kupanda kwenye damu kwa saa kumi na zaidi. Kwa hiyo "jioni nyumbani" si kosa kama eneo ni dogo, ila wakikunyonya tumbo, mgongo na mapaja kwa mkupuo, saa ya hatari itakukuta kitandani kwako Tabata.

Halafu lita. Ile chupa ya mashine ukiiona, juu mafuta ya njano kama samli, chini maji mekundu. Mpasuaji makini anaitazama kila mara, na sisi manesi tunamtajia kiasi kwa sauti. Zikizidi lita 5, hiyo ni kazi kubwa: ulale hospitali, uangaliwe usiku kucha. Anayekuahidi lita 8 kwa bei ya ofa anakuuzia kitu kingine.

Si hadithi za kukutisha. Oktoba 2024 mama mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa aina hii, na Baraza la Madaktari la Kenya likaifunga kliniki. Hapa kwetu hospitali ya Muhimbili-Mloganzila nao wanafanya upasuaji wa urembo. Kawasikilize, ulinganishe maneno yao na ya hao wa Instagram.

*Shangazi, mimi nataka kwenda Uturuki, ni nafuu na wamezoea. Unasemaje?*
*Msomaji, Dodoma*

Wapo wazuri wengi. Lakini damu kuganda mguuni na kupanda hadi mapafuni ni hatari ya upasuaji huu, na kukaa kwenye ndege saa nyingi kunaiongeza. Panga kukaa huko mpaka daktari akuruhusu kuruka, na urudi na ripoti kamili ya upasuaji, kwa lugha ambayo daktari wa Dodoma anaweza kuisoma. Tena mtafute huyo wa Dodoma kabla hujakata tiketi.