Ada ya fratenati: alipe kwa kazi gani?

Mama, umeuliza kama kijana wako aliye chuoni Marekani anaweza kufanya kazi ili alipe ada ya fratenati, yaani chama cha wanafunzi wa kiume chuoni. Anaweza, ila kwanza angalia viza. Kama ana F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, muhula ukiendelea anaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki, tena kwa kawaida ndani ya chuo tu: maktaba, bwalo, ukumbi wa mazoezi. Likizo anaweza kufanya kutwa nzima. Ile ajira ya wanafunzi inayolipiwa na serikali ya shirikisho haimhusu mwenye F-1, asipoteze muda kuiomba.

Mimi niliosha vyombo bwaloni, zamu ya jioni. Nilikuwa narudi bwenini viatu vimelowa, vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyekaa sana kwenye beseni, lakini pesa iliingia kila wiki mbili. Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, na majimbo mengi yanalipa zaidi. Hata kwa hicho cha chini, saa 10 kwa wiki ni dola 72.50 kabla ya makato.

Wenzake wa fratenati watamwambia apike au afanye usafi kwenye nyumba yao apunguziwe ada. Kwa Mmarekani hiyo ni nafuu nzuri. Kwa mwenye F-1 hata malipo yasiyo ya fedha huhesabika kuwa ajira, kwa hiyo aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Na amwone mweka hazina wa fratenati mapema, kabla ya bili kufika, aombe kulipa kidogo kidogo.