Uyoga wenye umbo la matumbawe

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anayesoma Marekani alinitumia picha ya kitu cheupe chenye matawi kama matumbawe, alichokikuta chini ya mialoni. Aliambiwa kuwa ni uyoga wa kundi la uyoga wa utelezi. Mvua zilizopita niliona kitu cha umbo hilo katika miombo ya huku kwetu. Je, ni kitu kimoja, na kinaliwa?
Msomaji, Mafinga, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo yako yanalingana na uyoga uitwao kitaalamu Sebacina schweinitzii, unaomea mashariki ya Marekani katika misitu ya miti inayopukutisha majani. Jina hilo linamuenzi Lewis David de Schweinitz (1780–1834), mchungaji wa Kanisa la Moravian aliyekuwa pia mtaalamu wa kuvu.

Ni haki kushangaa kwamba unaitwa wa utelezi, kwa maana ukiushika ni mgumu kama gegedu. Sababu haionekani kwa macho: chini ya hadubini, chembe zinazozaa spora zimegawanywa kwa kuta za wima kuwa vyumba vinne, jambo ambalo halipo katika uyoga wa kawaida. Kwa hiyo umbo la matumbawe si ushahidi wa undugu, kwani limejitokeza katika koo mbalimbali za kuvu zisizo na uhusiano wa karibu.

Uyoga huo hauozeshi magogo. Nyuzi zake hufunika ncha za mizizi hai ya mialoni, zikaupa mti maji na madini, nao mti ukazilipa sukari. Miombo yetu nayo huishi hivyo na kuvu wake, na ule uyoga wa rangi ya kiini cha yai unaouzwa kando ya barabara Iringa hutokana na ushirika wa namna hiyo. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa, uyoga wake hupotea pamoja nao, hasara ambayo inanisikitisha kila msimu.

Kuhusu ulichokiona, vunja tawi moja. Likikatika kwa urahisi, hauko katika ukoo ule, bali huenda ni wa jenasi kama Ramaria, ambayo baadhi ya aina zake huharisha vibaya. Ule wa Marekani haufai kuliwa kwa ugumu wake. Huo wako usiupike kwa kufuata picha. Mwoneshe kwanza mama anayeokota uyoga katika msitu huohuo, na asipoutambua, uache.