Steshenari, dagaa na Kisukuma cha babu: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii ni mengi kuliko nafasi. Nimechagua saba, nikayafupisha, na majina nimeyaweka pembeni kwa kuwa mengine yanagusa madeni na tuhuma. Mlioniuliza bei za simu za mtumba, nendeni madukani mjini, mimi siuzi.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mzigo nauchukua kwa tajiri mmoja wa Ukerewe. Juzi imeingia sauti WhatsApp, ni yake kabisa, anasema amebadilisha namba na hela nitume kwa namba mpya. Roho ikasita. Sauti ya mtu inaweza kuigizwa?

Inaweza, mama, na siku hizi haihitaji mtaalamu. Programu za kuigiza sauti zinatosheka na kipande kifupi, na tajiri yeyote wa mitumbwi amekwisha kuitawanya sauti yake kwenye magrupu: bei ya leo, upepo wa jana usiku, mtumbwi uliochelewa. Kama ujumbe umetoka kwenye akaunti yake ile ile ya kila siku, basi huenda akaunti yenyewe imetekwa baada ya yeye kulaghaiwa akataja zile tarakimu sita za uthibitisho.

Mpigie kwenye namba ya zamani, simu ya kawaida, si ya WhatsApp. Asipopatikana, hela ikae. Dagaa waliokauka hawaharibiki kwa kusubiri siku moja. Siku utakayotuma, lisome jina linalotokea hadi mwisho kabla hujaweka namba ya siri. Tapeli huwahi kukuandaa: "litakuja jina la kijana wangu." Ni ile ile "ile hela tuma kwenye namba hii" tuliyoizoea wote, ila sasa imepata koo.

Namba hiyo na ujumbe wake vitume TCRA kupitia 15040. Na kwa wanaouliza matapeli wanatoa wapi laini, wakati tangu Januari 2020 zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa: laini hizo zimesajiliwa, ila kwa kidole cha mtu mwingine. Wakala anasema "mashine haijasoma, bonyeza tena," nawe unabonyeza. Piga *106# uone laini zilizopo chini ya namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika waifute.

Niko mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Mwanza. Mhadhiri amenirudishia utafiti akisema programu imeonyesha asilimia 70 imeandikwa na AI. Nimeandika mwenyewe, nilitumia Grammarly tu kusahihisha. Nifanyeje?

Kwanza uielewe hiyo asilimia. Kipimo cha malaria kinatafuta kitu kilichomo ndani ya damu. Programu hizi hazitafuti chochote kilichomo ndani ya maandishi yako, zinakisia. Zinaangalia maneno yanavyofuatana, na sentensi ikipita njia iliyozoeleka sana, inahesabiwa ya mashine. Sasa mchukue kijana aliyejifunzia Kiingereza darasani Sengerema, akakariri miundo ya sentensi ili afaulu mtihani, kisha chuoni akapewa mfano wa utafiti na kuambiwa afuate vile vile. Huyo atatabirika tu, na hakuiba kitu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. OpenAI wenyewe, waliotoa ChatGPT Novemba 2022, walikuwa na kipimo chao. Wakakiondoa Julai 2023 kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Agosti mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilizima kipimo cha AI cha Turnitin, programu ambayo vyuo hutumia kukagua kazi za wanafunzi. Na Turnitin nao huwaambia walimu kwamba alama hiyo isiwe msingi pekee wa kumwadhibu mtu.

Nenda kwa mhadhiri wako kwa adabu, bila kugombana naye kuhusu mashine. Mpelekee njia uliyopita: rasimu za mwanzo, madodoso yaliyojazwa kwa kalamu, daftari la mahojiano, picha za uwandani. Kama uliandikia Google Docs, fungua historia ya matoleo. Inaonyesha aya zilivyokua, siku kwa siku. Kisha omba akuhoji kwa mdomo. Aliyekaa na data zake miezi kadhaa anajulikana ndani ya dakika kumi. Grammarly itaje mapema, na hilo neno "tu" liondoe: siku hizi haiishii kwenye tahajia, ukiiruhusu inaandika upya sentensi nzima, na hapo mhadhiri ana hoja.

Wahadhiri nawaelewa, wana rundo la kazi na hawana muda. Lakini kumtaka mtoto wa watu athibitishe kwamba *hakufanya* jambo, kwa sababu kampuni imeuza kipimo cha kukisia, ni kumtwisha mzigo usio wake.

Na wewe unayecheka kwa kuwa yako kweli iliandikwa na ChatGPT: utanaswa kwenye marejeo. Mitambo hii hubuni vitabu na makala ambayo hayajawahi kuwepo. Juni 2023 mahakama huko New York iliwapiga mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT. Watu wazima wale, wenye leseni.

Nina steshenari Malimbe. Kompyuta zangu tatu ni Windows 10, zinaandika kwamba muda umekwisha. Fundi anataka ninunue mpya zote. Zitazima?

Hazitazima. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, iliyotoka Julai 2015. Zitawaka, zitachapa, zitatoa kopi kama kawaida. Kilichokoma ni kuzibwa kwa matundu mapya yanapogunduliwa.

Fundi anataka mpya kwa sababu Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mtumba wa kizazi cha nne au cha sita haupiti hata kama unachapa tasnifu ya kurasa mia bila kukohoa. Hapa ndipo nakasirika. Mashine haina ubovu, aliyeitengenezea programu ndiye aliyeamua imezeeka, na bili inamfikia mtu anayeishi kwa kopi za shilingi mia mia.

Usinunue tatu kwa mpigo. Upo mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi, unaofika 13 Oktoba 2026. Unaupata bila kulipa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako kwao, au kwa dola 30. Mashine moja, ile ya kuchapia tu, iwekee Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Word, zote za bure, ila jaribu printa yako kabla hujafuta kitu. Printa ndiyo hukwamisha watu.

Halafu nikwambie ukweli: wewe adui yako mkubwa ni flashi. Mwanafunzi anachomeka, mafaili yanageuka shortcut, anayefuata anaondoka na kirusi kama zawadi. Waambie watume kazi kwa barua pepe. Na kama Windows zako ziliaktivetiwa na kile kiprogramu ambacho fundi hutembea nacho mfukoni, usishangae siku ukikuta kilikuja na wageni.

Nilikopa elfu hamsini kwenye programu ya simu. Nimechelewa siku tatu, sasa wanamtumia meseji bosi wangu, mama mkwe na watu wa kwaya kwamba mimi ni mwizi. Namba wamezitoa wapi? (Igoma)

Pole sana, kaka. Zilitoka kwenye simu yako, siku ulipobonyeza "ruhusu" programu isome majina uliyohifadhi. Zilinakiliwa dakika ile ile, kwa hiyo kuifuta programu leo hakuzirudishi. Ifute hata hivyo, isije ikaondoka na namba mpya.

Tangu 31 Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mkopaji. Ndiyo maana nyingi za kausha damu hukujia kwa linki, nje ya duka. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Angalia kama yako imo. Tena tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Namba ya mama mkwe ni taarifa ya mama mkwe. Wewe huna mamlaka ya kuigawa, na wao hawana haki ya kuitumia kukuchafua.

Piga picha za skrini za kila meseji, zenye namba na saa. Watumie watu wako ujumbe mmoja mfupi: nilikopa, nimechelewa, wanaotuma hizo ni wakopeshaji, msiwajibu. Aibu hii inaishi kwa usiri. Ukishasema mwenyewe, imebaki deni tu. Wala usikope programu ya pili ulipe ya kwanza. Najua umeshaifikiria.

Nimesikia Australia imekataza watoto mitandao. Na sisi tufanye hivyo? (Mzazi, Buzuruga)

Tangu 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 huko hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao kama TikTok, Instagram, Facebook, X na YouTube. WhatsApp haimo. Kinachonifurahisha ni anayebanwa: mtoto na mzazi hawaadhibiwi, kampuni ndiyo hupigwa faini.

Kwetu sioni ingefanyaje kazi. Mtoto wa Buzuruga anatazama TikTok kwenye simu ya mama yake, kwa akaunti ya mama yake. Kwa mtandao, yeye ana miaka 38 na anapenda vitenge. TikTok tayari inadai miaka 13 kuwa na akaunti na 18 kurusha mubashara, na sote tunajua mnayoyaona. Anzeni na nywila ya simu yenu.

Mwangaluka. Mimi ni mzee wa Kisesa. Mjukuu anaongea na simu kwa Kiswahili, nayo inamjibu. Nilipoisemesha Kisukuma ikaleta upuuzi. Sisi ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, kwa nini haitujui? Wabeja.

Mwangaluka babu, na shikamoo. Mashine haihesabu watu, inahesabu maandishi na sauti zilizokwisha kuingia mtandaoni. Wasukuma ni mamilioni, ila Kisukuma kinasemwa zaidi kuliko kinavyoandikwa. Shule ilikuwa ya Kiswahili, ofisi ya Kiswahili, redio na magazeti hivyo hivyo. Biblia ya Kisukuma ipo, nyimbo zipo tele, lakini kwa mitambo inayokula maandishi kwa mabilioni ya maneno hicho ni chakula kidogo. Mwaka 2024 Google iliongeza lugha 110 kwenye programu yake ya tafsiri. Kijaluo cha majirani zetu kikaingia, Kirundi kikaingia, Kisukuma hakikuwemo.

Kuna na tabu ya kukiandika. Kisukuma kina irabu saba, na toni inayogeuza maana. Kibodi ya simu ya mjukuu wako ina irabu tano na toni haina kabisa. Kwa hiyo kila mtu anaandika anavyosikia. Wewe ukisoma unaelewa, mashine inaona maneno matatu tofauti yasiyofanana.

Lakini ndani ya swali lako kuna jingine linalonisumbua zaidi: tukikirekodi, kitakuwa cha nani? New Zealand kuna redio ya Wamaori, Te Hiku Media. Mwaka 2018 iliwaomba watu wake wasome sentensi kwa sauti, na katika siku 10 wakakusanya zaidi ya saa 300. Walipofuatwa na kampuni ya nje iliyotaka sauti za lugha yao kwa malipo, wakakataa. Wakaunda mtambo wao wa kutambua lugha, na leseni inayotaka data hiyo iwafaidie Wamaori kwanza. Sisi hatujafika hata kwenye hatua ya kukataa, maana hatuna cha kuombwa.

Hapo kwenu mna Bujora, makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, ambako Wagalu na Wagika, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa jadi, hushindana kwenye sikukuu ya Bulabo. Simu hunyanyuliwa kila upande, halafu video zinaishia TikTok zikiwa zimefunikwa na muziki mwingine, na maneno ya manju hayasikiki. Mwambie mjukuu akurekodi wewe, pasipo kelele, simu ikiwa karibu na mdomo: vitendawili, majina ya nyasi, namna mlivyokuwa mkiitana kulima. Aandike kijiji, mwaka na aliyesema. Asirushe popote kabla hujakubali. Upo mradi wa Mozilla uitwao Common Voice unaopokea sauti za kujitolea, na Kiswahili kimo. Ila kilichowekwa kule kinakuwa cha kila mtu, makampuni makubwa yakiwemo. Mimi ningependa wazee mlikalie hilo kikao kwanza, vijana wenye haraka wasubiri nje.

GB 1 inaisha kabla ya saa nne asubuhi. Mtandao unaniibia?

Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uone ni programu gani imekula. Mara nyingi ni magrupu ya WhatsApp yanayojipakulia video, zima hilo. Au Play Store inayosasisha programu kwa bando, iambie isubiri Wi-Fi. Angalia pia hotspot yako haina wapangaji. Kama jumla inayoonyeshwa na simu ni ndogo sana kuliko ulichonunua, hapo una kesi: piga picha ya skrini, wapelekee kampuni yako ya simu, na wakikuzungusha peleka malalamiko TCRA. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza.