Kola ya redio ya mbwa wa kuwinda: tazama milima kabla ya bei

Radi ni mbwa wangu wa kuwinda rakuni, wale wanyama wa usiku wanaokimbilia juu ya miti. Kola yake ya kwanza, mkanda wa shingoni wa kunionyesha alipo, niliichagua kwa bei tu. Ilikuwa ya laini ya simu: inajua ilipo kwa GPS, kisha inanitumia kwa mtandao wa simu. Hapa Lexington, Marekani, haikuwa na tatizo. Tulipofika milima ya mashariki mwa Kentucky, Radi akateremka bondeni akifuata harufu ya rakuni, na kwenye ramani akabaki palepale mtandao ulipokatikia. Nilimwita mpaka koo likakauka.

Bahati nzuri, mzee mmoja tuliyewinda naye alikuwa amemfunga Radi pia kola yake ya zamani ya redio, nami nikaiona mzigo wa bure. Ile haina ramani. Inalia tu, ti, ti, ti, nawe unazungusha antena mpaka upande ambao mlio una nguvu. Mzee hakupoteza muda kule chini, maana bondeni mawimbi hugonga kuta za mlima na kukuelekeza kusiko. Alipanda mgongoni mwa mlima kwanza. Alfajiri tulimkuta Radi ng'ambo ya kijito, mguu umenaswa na seng'enge.

Tangu hapo kola ya simu siinunui tena kwa mwindo wa milimani. Radi huvaa ya GPS inayoongea moja kwa moja na kifaa changu cha mkononi kwa redio. Garmin, kampuni inayotengeneza kola hizi, wanatangaza maili 9, kama kilomita 14, kwa kola zao nyingi. Huo ni umbali wa mahali pasipo na kizuizi. Weka mlima mmoja kati yenu uone. Kwa hiyo muulize anayewinda eneo lenu anapata umbali gani hasa.

Ile ya mlio nayo nimenunua, ya akiba. Betri yake hudumu miezi, wakati ya GPS unaichaji kila baada ya mwindo. Baadhi zina swichi inayobadilisha kasi ya mlio mbwa akiinua kichwa, nawe ukajua amesimama anabwekea mti. Nyingi huzimwa kwa sumaku ndogo inayobandikwa juu yake: itoe, kisha usikilize mlio kabla ya kumwachia mbwa. Ukimkaribia, punguza nguvu ya kipokezi, la sivyo kila upande utasikika sawa.

Ndugu walio Ulaya, msiagize kola za GPS za Marekani kwa sababu ya bei. Nyingi hutumia masafa ya MHz 151 na 154, ambayo huku hayahitaji leseni lakini huko si huru. Nunueni toleo la huko.

Kuhusu kufunga, vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo, antena isimame juu ya kisogo. Mkirudi nyumbani mvue, kwani ukiwa na maji mkanda humchubua. Na pigilia kibati chenye namba yako ya simu. Betri zote zikiisha, atakayemwokota barabarani atakipata hicho.