Nguo za Nyumbani Sekondari: Ziruhusiwe, Lakini kwa Kipimo

Mama mmoja anayesoma makala zangu ameniandikia kuniuliza kama amnunulie binti yake suruali za jinzi na raba mpya, kwa kuwa binti huyo anakwenda kuanza kidato cha tano katika shule ya bweni na wameambiwa kwamba huko wanafunzi huvaa nguo za nyumbani kila Jumamosi. Ujumbe wake umenikuta nikiwa bado natembea kifua mbele, kwani muhula uliopita shule ninayofundisha ilipitisha utaratibu wa mavazi nilioupigania mwenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi wa sekondari avae sare darasani, na nje ya vipindi anaweza kuvaa nguo za nyumbani, mradi shule iwe imeamua ni zipi na ni ngapi. Sisemi hivyo kwa ajili ya maadili, ingawa hiyo ndiyo hoja inayotawala vikao vya walimu, ambako urefu wa sketi hujadiliwa kwa bidii kuliko matokeo ya hisabati. Nasema hivyo kwa ajili ya fedha.

Nilisoma bweni mkoani Kilimanjaro miaka ya tisini. Jumamosi jioni, baada ya usafi na kufua, matranka yalifunguliwa na kila mmoja akaonekana ametoka nyumba ya namna gani. Mimi nilikuwa na gauni moja la maua ya kijani ambalo mama alilichagua kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, na alilichagua vizuri, maana kitambaa kilikuwa kizito na pindo lilikuwa halijachakaa. Mwanzoni lilisifiwa. Muhula ulipofika katikati, wenzangu walikuwa wamekwisha kulibatiza jina la "sare ya Jumamosi", na kila nilipotokea mlangoni mwa bwalo hakukosekana mtu wa kulitamka. Nikajitolea kusimamia maktaba Jumamosi jioni, kazi ambayo iliniruhusu kubaki na sare yangu ya kweli. Watu husema kwamba kupenda vitabu ndiko kulikonifikisha chuo kikuu, na sijawahi kuwasahihisha. Waliolitamka jina lile leo ni mama za watu, na baadhi yao husoma makala hizi. Wanajijua.

Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama suala la mitindo. Ada katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita, lakini sare, viatu na sweta bado hutoka mfukoni mwa mzazi. Shule inayoruhusu nguo za nyumbani bila kipimo humbebesha mzazi huyo gharama ambayo haimo katika fomu ya kujiunga na ambayo haina kikomo, kwa sababu gauni la muhula huu litachekwa muhula ujao.

Serikali ya wanafunzi wetu ilipoomba Jumamosi isiyo na sare, mwalimu wa nidhamu alikataa katakata, akisema tabia zitaharibika. Nilisimama nikamkumbusha kwamba watafiti wa Marekani, Brunsma na Rockquemore, walichapisha mwaka 1998 utafiti ambao haukuona sare ikipunguza moja kwa moja utovu wa nidhamu wala utoro, hivyo tusiipe sare kazi isiyoiweza. Kazi inayoiweza ni kuficha mfuko wa mzazi. Tulikubaliana kuwa Jumamosi zivaliwe fulana zisizo na maandishi pamoja na sketi inayovuka magoti au suruali ya traki, jozi mbili tu kwa kila mwanafunzi, zikitajwa waziwazi katika fomu, na mahafali yafanyike kwa sare. Mkuu wa shule alinishukuru mbele ya wenzangu wote, na sikuona haya kutabasamu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, isome fomu ya kujiunga kabla hujakanyaga dukani. Ikiwa fomu iko kimya kuhusu Jumamosi, mpigie simu matroni, usinunue kwa kusikia. Sote tunataka watoto wetu wafike chuo kikuu, na mtoto anayewaza atavaa nini Jumamosi huanza kuwaza hivyo tangu Jumatano. Wewe mwenye uwezo nakusihi zaidi, kwa kuwa kila jozi unayoiongeza kwenye tranka la mwanao inamgusa mtoto wa kitanda cha jirani, ambaye mama yake hakuulizwa. Isome fomu, ununue kilichoandikwa, uishie hapo.

Kwa mama aliyeniandikia: raba nunua, maana atazihitaji michezoni. Jinzi zibaki nyumbani, atazivaa likizo.